Namna ya Kuchagua na Kupima Polima ya Kusukumia Mafuta katika Visima vya Baharini

Maji yanapoingizwa chini ya ardhi ili kuyasukuma mafuta mazito kuelekea kisima cha uzalishaji, hayasongi mbele kwa mstari ulionyooka. Hutafuta njia nyepesi, hupenya katikati ya mafuta na kutokea upande wa pili mapema, huku sehemu kubwa ya mafuta ikibaki imenasa nyuma yao. Polima, yaani kemikali yenye molekuli ndefu kama mnyororo, huyeyushwa ndani ya maji hayo ili kuyaongezea mnato, na maji yaliyokolea mnato huyasukuma mafuta kwa pamoja badala ya kuyapita. Kiasi kinachohitajika ni kidogo, mara nyingi gramu moja au mbili kwa lita moja ya maji. Nchi kavu mbinu hii imezoeleka: Daqing nchini China iliianza kwa kiwango kikubwa mwaka 1996, na Marmul, kusini mwa Oman, mwaka 2010. Baharini mifano ni michache zaidi, na katika mwongozo huu nitarejea mara kwa mara kwenye mmoja ambao una mafunzo mengi kuliko mingine, yaani hifadhi ya mafuta ya Dalia, katika Kitalu 17 cha Angola, kwenye kina cha maji kinachozidi mita 1,200.

Dalia iligunduliwa mwaka 1997 na ikaanza kutoa mafuta Desemba 2006 chini ya kampuni ya Total. Baada ya miaka michache tu ya uzalishaji, polima ilianza kuingizwa huko, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanywa kwenye bahari ya kina kirefu namna ile. Baadaye wahandisi walichimba kisima maalumu karibu na kimojawapo cha visima vya kuingizia maji ili kuchota sampuli ya polima iliyokwisha kupita kwenye mwamba, na mnato waliougundua ulikuwa chini ya ule waliotarajia. Ninalichukua tukio hilo kuwa msingi wa kazi yote ya uchaguzi: mnato unaosomwa kwenye kopo la maabara asubuhi baada ya kuchanganya si mnato utakaofika kwenye mwamba, na polima inapaswa kuchaguliwa kwa huu wa pili. Vipimo vyote vinavyofuata vinalenga kuuhesabu mapema, kabla ya kununua shehena ya kwanza.

Anza na maji, si na polima

Kosa linalojirudia mara nyingi ni kuagiza sampuli kumi za polima kutoka kwa watengenezaji kabla ya kujua kwa uhakika ni maji gani yatakayotumika. Polima inayotumika zaidi, poliakrilamidi iliyohidrolishwa kwa kiasi, ni mnyororo mrefu sana ambao takriban robo hadi theluthi moja ya viungo vyake hubeba chaji hasi. Chaji hizo husukumana, mnyororo hutanuka, na kutanuka huko ndiko kunakoleta mnato. Chumvi iliyomo majini huzifunika chaji hizo, mnyororo hujikunja na mnato hushuka. Kalsiamu na magnesiamu hufanya hivyo kwa ukali zaidi kuliko sodiamu, na maji ya bahari ya kawaida yana takriban miligramu 400 za kalsiamu na miligramu 1,300 za magnesiamu kwa lita, ndani ya jumla ya gramu 35 za chumvi. Wasomaji walioko Oman watatambua tofauti hapa, kwa kuwa maji yanayotumika Marmul ni laini mno ukiyalinganisha na ya bahari, na polima kidogo huko hufanya kazi ambayo baharini ingedai polima nyingi zaidi.

Kwa hiyo pata uchambuzi kamili wa maji ya aina tatu: yale yatakayoingizwa leo, maji ya asili ya mwamba wenyewe, na mchanganyiko utakaokuwepo miaka mitano au kumi ijayo, maji yanayotoka na mafuta yatakapoanza kurudishwa chini. Hayo ya tatu husahaulika, ilhali mara nyingi ndiyo yatakayoamua gharama ya mradi katika nusu yake ya pili. Iwapo mtambo una vichujio vya utando vya kuondoa salfeti, pima maji yaliyopita humo, kwa sababu vichujio hivyo hupunguza pia sehemu ya kalsiamu na magnesiamu na vinaweza kukuokolea kiasi kikubwa cha polima. Kisha tengeneza maji ya mfano maabarani kwa kupima kila chumvi kwenye mizani, yachuje, na usitumie kamwe maji ya bomba kwa kuwa tu ndiyo yaliyo karibu.

Pamoja na maji, kusanya taarifa za mwamba: joto, upenyevu, aina ya udongo na madini ya chuma yaliyomo, mnato wa mafuta kwa joto na shinikizo la huko chini, na umbali kati ya visima. Umbali huo una uzito wa pekee baharini, kwa sababu visima ni ghali na hupangwa mbalimbali. Ukichukua mwendo wa kawaida wa maji ndani ya mwamba, takriban sentimita 30 kwa siku, na umbali wa mita 1,000 kati ya kisima cha kuingizia na kile cha kutolea, polima itasafiri kwa zaidi ya miaka tisa. Lolote litakaloweza kuiharibu lina muda wa kutosha wa kufanya hivyo.

Kupunguza orodha

Ukiwa na joto na ugumu wa maji, yaani wingi wa kalsiamu na magnesiamu, orodha hujipunguza yenyewe. Katika maji yenye ugumu wa bahari, poliakrilamidi ya kawaida huweza kutegemewa hadi karibu nyuzi 70 za Selsiasi. Juu ya hapo viungo vyake vya amidi huendelea kugeuka kuwa kaboksilati, yaani viungo vyenye chaji hasi, chaji huongezeka, kisha kalsiamu hushikamana nazo na polima hutuama chini kama matone ya jeli. Dawa ya hali hiyo ni polima zilizochanganywa na viungo vya salfonati, ambavyo havinaswi na kalsiamu kwa urahisi na hustahimili joto kali zaidi, kwa bei ya juu zaidi na kwa kawaida mnato mdogo kwa kila gramu. Kwenye hifadhi ya mafuta ya Suizhong 36-1 katika Ghuba ya Bohai, ambako joto ni kama nyuzi 65, Wachina walichukua njia nyingine kuanzia mwaka 2003: polima yenye vipande vichache visivyopenda maji, vinavyoshikana vyenyewe kwa vyenyewe na kuongeza mnato hata kwenye chumvi. Kuna pia polima za kibayolojia, kama zanthani na skleroglukani, ambazo mnyororo wake ni mgumu kama kijiti na haukatiki ovyo kwenye vali, lakini bakteria huzila, hivyo zinahitaji dawa ya kuua vijidudu muda wote.

Dalia, yenye joto la takriban nyuzi 50 na mwamba wenye upenyevu mkubwa, iliweza kutumia poliakrilamidi. Hifadhi ya Captain, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Uingereza, ina joto la nyuzi 31 hivi, nayo pia ilitumia poliakrilamidi, ila iliyoletwa katika hali ya kimiminika.

Suala la unga au kimiminika linastahili hesabu yake mapema, kwa sababu kwenye jukwaa la baharini nafasi na uzito ndivyo vinavyoamua. Unga una polima halisi kwa asilimia 90 hivi, ilhali kimiminika cha kawaida cha aina ya emalshani, ambamo matone madogo ya polima huelea ndani ya mafuta, kina asilimia 30. Ukiingiza mita za ujazo 10,000 za maji kwa siku kwa kiwango cha sehemu 1,000 kwa milioni, yaani gramu moja kwa lita, unahitaji tani 10 za polima halisi kila siku: tani 11 za unga, au tani 33 za emalshani. Unga hupunguza safari za meli, lakini unadai matangi makubwa ya kuyeyushia na kukomazia ambayo jukwaa lililojengwa zamani huenda lisiyabebe. Emalshani hudai pampu na kichanganyio tu, lakini huja na mafuta na sabuni zake, ambazo ni lazima zipimwe kama zinaziba vinyweleo vya mwamba. Kwa maoni yangu uamuzi huu ufanywe pamoja na wahandisi wa jukwaa kabla ya kipimo chochote kirefu, maana kupima kwa mwaka mzima polima ambayo haina pa kuyeyushwa ni hasara isiyo na sababu.

Kuchanganya na kuchuja

Tengeneza kwanza mchanganyiko mzito wa gramu 5 kwa lita. Zungusha maji kwa kasi hadi yafanye shimo la kimbunga katikati, kisha nyunyiza unga polepole kwenye ukingo wa shimo hilo kwa muda wa nusu dakika hivi, ili kila chembe iloane peke yake. Ukimwaga kwa mkupuo utapata madonge yenye unga mkavu ndani ambayo hayatayeyuka hata kesho. Unga ukishaingia wote, punguza kasi ya mzunguko na uache mchanganyiko ukomae usiku kucha, kisha uzimue kwa maji yaleyale hadi viwango unavyotaka kupima. Vaa glavu na barakoa, omba cheti cha mtengenezaji kinachoonyesha kwamba akrilamidi iliyobaki haifikii asilimia 0.1, maana ni sumu inayoweza kusababisha saratani, na futa mara moja unga wowote unaomwagika sakafuni, kwa sababu ukikutana na maji sakafu huteleza kiasi cha kumvunja mtu mfupa.

Kabla ya kupima mnato, pima uchujikaji. Pitisha mililita 300 za polima kwenye utando wenye matundu ya mikromita 1.2 kwa shinikizo la bari 2, na uandike muda wa kupita mililita 100, 200 na 300. Gawanya muda wa mililita 100 za mwisho kwa muda wa mililita 100 za katikati. Tuseme muda ulikuwa sekunde 40, 82 na 130: mia za mwisho zimechukua 48, za katikati 42, na uwiano ni 1.14. Uwiano usiozidi 1.2 unakubalika kwa kawaida. Ukizidi, chunguza kwanza kama tatizo ni uchanganyaji wako au maji yenye uchafu, ndipo uikatae polima. Kipimo hiki ni cha saa moja na vifaa vyake ni rahisi, na huondoa polima nyingi mbaya kabla hazijakugharimu.

Mnato upimwe kwa joto la mwamba, si la chumba, na kwa kasi nyingi tofauti za mtiririko, kwa sababu maji ya polima huwa mepesi yanapoenda kasi na mazito yanapotulia. Maabara nyingi hulinganisha polima kwa kasi ya mkato, yaani kasi ambayo tabaka za kimiminika hupishana, ya 7.34 kwa sekunde, iliyo karibu na hali ya ndani ya mwamba mbali na kisima. Chora mnato dhidi ya kiwango cha polima, halafu soma kwenye mchoro huo ni gramu ngapi kila polima inahitaji ili kufikia mnato unaolengwa. Kulinganisha kwa gramu zinazohitajika ni haki zaidi kuliko kulinganisha mnato kwa kiwango kilekile.

Vali: mahali polima inapokufa

Hapa ndipo ningeomba msomaji atulie zaidi. Kwenye hifadhi za nchi kavu kila kisima kinaweza kupewa pampu yake, na shinikizo likarekebishwa bila kubana mtiririko. Kwenye bahari ya kina kirefu visima kadhaa hutegemea bomba moja lililolala sakafuni mwa bahari, na kila kisima hugawiwa maji yake kwa vali ya kubana. Polima inapojipenyeza kwenye uwazi mwembamba wa vali hiyo, mnyororo huvutwa ghafla na kukatika katikati. Minyororo mirefu zaidi ndiyo inayokatika kwanza, na ndiyo iliyokuwa ikibeba sehemu kubwa ya mnato. Baada ya vali inafuata mitobo ya kisima na uso wa mwamba, ambako mwendo bado ni wa kasi.

Maabarani, hali hii huigwa kwa kusukuma polima kwa gesi ya nitrojeni kupitia bomba jembamba la chuma cha pua. Rudia kwa shinikizo mbalimbali, na kila mara pima mnato uliobaki. Utapata mchoro unaoonyesha hasara ya mnato kadiri anguko la shinikizo linavyoongezeka. Muulize mhandisi wa mtambo ni anguko gani litakalokuwepo kwenye vali halisi, kwa kisima kinachobanwa kidogo na kile kinachobanwa sana, na usome hasara kwenye mchoro huo.

Matokeo mara nyingi hubadili mpangilio wa washindani. Polima ya daltoni milioni 20 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) inayoongoza kwenye kopo inaweza kutoka kwenye bomba ikiwa imelingana na ile ya milioni 12, huku ukiwa umelipia na kuhangaika na ile ndefu bure. Ile fupi ina faida nyingine: huingia kwenye mwamba kwa urahisi zaidi. Kutoka hatua hii na kuendelea, vipimo vyote vya joto na vya mwamba vifanywe kwa polima iliyokwisha kupitishwa kwenye bomba. Kupima polima isiyopita kwenye vali ni kupima kitu ambacho mwamba hautakiona kamwe.

Miezi ndani ya tanuri

Joto peke yake huharibu polima taratibu. Oksijeni ikiwepo pamoja na chuma kilichoyeyuka au hidrojeni salfaidi, uharibifu huo huwa wa haraka mno, kwa kuwa huzalisha chembe kali zinazokata minyororo. Chini ardhini hakuna oksijeni, kwa hiyo kipimo kinachofanywa kwenye chupa zilizofunguliwa hewani kitakudanganya kwa kukuonyesha ubaya usiokuwepo. Kinyume chake, kipimo kisicho na chuma wala salfaidi kinaweza kukudanganya kwa kukuonyesha uzima usiokuwepo.

Ondoa oksijeni kwenye maji na polima ndani ya kisanduku cha glavu chenye nitrojeni, jaza polima kwenye vichupa vya kioo, vifunge kwa kuviyeyusha shingo, na uviweke kwenye tanuri kwa joto la mwamba. Tayarisha vichupa vya kutosha, kwa kuwa kila kimoja hufunguliwa mara moja tu: baada ya wiki moja, mwezi, miezi mitatu, sita na kumi na miwili. Weka pia kundi la pili lenye chuma na salfaidi kwa viwango vya maji yanayotoka na mafuta, na kundi la tatu lenye oksijeni kidogo iliyohesabiwa, kwa ajili ya siku ambazo mtambo wa kuondoa oksijeni utayumba. Baharini mitambo hiyo hulenga oksijeni isiyozidi sehemu 20 kwa bilioni, na ni vyema kujua kitatokea nini kiwango hicho kikivukwa. Kila unapofungua kichupa, kitazame kwanza dhidi ya mwanga kabla ya kupima mnato. Ukungu au chembe ni dalili kwamba kalsiamu imeanza kuinasa polima.

Ndani ya mwamba

Polima mbili au tatu zitakazobaki ndizo zinazostahili kipimo cha mwamba, ambacho ni ghali na huchukua wiki kadhaa. Anza na jiwe la mchanga la kawaida kama Bentheimer ili kuzoesha vifaa, lakini uamuzi uufanye kwa mwamba wa hifadhi yenyewe, ukiwa na mafuta yaliyobaki ndani yake. Pima jinsi shinikizo linavyopanda polima inapopita na linavyobaki juu baada ya maji kuifuata, na uangalie kama shinikizo linatulia. Likiendelea kupanda bila kikomo, mwamba unazibika.

Kiasi cha polima kinachonasa kwenye mwamba kina athari kubwa kuliko namba yake inavyoonekana. Chukua mwamba wenye asilimia 30 ya nafasi tupu: kila mililita ya nafasi imezungukwa na gramu 6.2 hivi za jiwe. Zikinaswa mikrogramu 50 kwa kila gramu ya jiwe, mililita hiyo itameza mikrogramu 310. Kwa polima ya sehemu 1,000 kwa milioni, hiyo ni karibu theluthi moja ya ujazo wa nafasi yote ya mwamba ambayo ni lazima iingizwe kabla polima haijasonga mbele. Zikinaswa 20, ucheleweshaji hushuka hadi asilimia 12 tu. Tofauti hiyo inaweza kumaanisha miaka kadhaa ya kusubiri mafuta, na inatosha kumpindua mshindi wa kipimo cha mnato.

Polima inaporudi juu

Polima itafika kwenye kisima cha uzalishaji siku moja, na jukwaa lisilojiandaa litapata taabu kutenganisha mafuta na maji, huku mabomba ya vipasha joto yakipata ukoko. Jaribu utenganishaji kwenye chupa kwa mafuta halisi, kemikali za kutenganishia zinazotumika jukwaani, na polima iliyozeeshwa kwenye tanuri, kwa viwango vinavyopanda. Kwenye Bahari ya Kaskazini, kanuni za mkataba wa OSPAR, unaolinda mazingira ya bahari ya Atlantiki ya Kaskazini-Mashariki, hutazama pia uozaji wa kemikali kwa siku 28, na poliakrilamidi huoza polepole sana. Kwa sababu hiyo kurudisha maji hayo chini ya ardhi ni njia bora kuliko kuyamwaga baharini, na ni sababu nyingine ya kupima yale maji ya tatu tuliyoanza nayo.

Ukishachagua, andika kwenye mkataba wa ununuzi viwango vya kukubalia kila shehena: mnato kwa kiwango maalumu katika maji yako ya mfano, uwiano wa uchujikaji, na unyevu wa unga. Hifadhi sampuli ya kila shehena mahali pakavu. Mtambo utakapoanza, chota polima kabla na baada ya vali kwa silinda ya sampuli inayofunguliwa taratibu sana, kwa sababu bomba la kuchotea likifunguliwa kwa pupa huikata polima lenyewe na kukupa namba ya uharibifu ulioufanya wewe. Linganisha namba hizo na mchoro wa bomba jembamba uliouchora maabarani, na pale zinapopishana, rekebisha kiwango cha polima kwenye kisima husika kabla ya kuendelea na kingine.